Bado Hatujaambiwa Tawanyika

Hii stori inanionyesha bwege, najua, ndiyo maana naisimulia mwenyewe kabla hujaletewa klipu. Wengi mmeshaiona. Yule jamaa wa Shahe mwenye furushi la sidiria kichwani, anapiga kwata na walinzi wa Kichina mbele ya jengo la nguo, mguu juu, macho mbele, kama anakwenda kukabidhiwa nchi, ndiye mimi. Sikulewa. Sikulipwa. Wala sikuwa naigiza, ingawa ndivyo nilivyowadanganya watu wiki nzima.

Kazi yangu hapa Guangzhou ni kuwafungia mizigo wafanyabiashara wa nyumbani. Wewe uko Kariakoo, unanipigia, unasema nataka sidiria za kahawia, mimi naingia soko la Shahe asubuhi kubishana na laoban, mwenye duka. Laoban anasema "mei you", hakuna. Mimi naondoka. Nikifika mlangoni ananiita, na zile ambazo hazikuwepo zinatoka chini ya meza. Ndiyo mchezo wenyewe, tumeuzoea wote wawili.

Siku hiyo natoka na furushi langu, walinzi wa jengo wanabadilishana zamu. Huku walinzi hawabadilishani zamu kwa kupeana funguo na umbea kama kwetu. Wanapanga mstari nje, mkubwa wao anawakagua, wanapiga kwata kidogo mbele za watu, ndipo kazi inaanza. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi tu bila shida. Lakini mkubwa wa siku hiyo alikuwa mgeni, na filimbi yake aliipuliza hivi: fupi, fupi, ndefu.

Kichwa changu kilikuwa kinawaza chapati. Miguu haikuniuliza. Nilishtukia kisigino kimegonga sakafu, mikono imebana mapajani, kifua nje, furushi limetulia kichwani kama kofia ya kiongozi. Mkubwa akafoka neno la Kichina. Silijui hadi leo, lakini wenzangu waligeuka kulia, na mimi nikageuka kulia. Wakatembea, nikatembea. Na nyuma yangu nikasikia kisigino kingine. Kile hakikuwa cha Mchina. Kile kisigino kilifundishwa kwenye udongo mwekundu.

Tulipofika kwenye geti tukasimamishwa. Mkubwa akaja anakagua mstari wake, mmoja mmoja, mpaka akafika mwisho akakuta askari wawili ambao hakuwaajiri. Mmoja ndiye mimi. Wa pili alikuwa mama mmoja mnene wa dera la njano, kitoroli chake cha mizigo kimelala pembeni. Yule bwana alinitazama kuanzia kandambili mpaka sidiria. Hakucheka. Alininyooshea kiwiko kilichokuwa kimepinda, akaenda zake. Wenye maduka wao walicheka mpaka dada mmoja akalazimika kukalia magunia. Simu zote juu.

Yule mama, bila kugeuza shingo, akasema kwa Kiswahili, "Mguu wako wa kushoto bado unachelewa, Chura."

Chura. Jina hilo lilibaki Korogwe, na anayelijua lazima aliniona nikiruka kichurachura kuzunguka uwanja.

"Koplo Rehema?"

"Nyamaza safuni."

Enzi zetu, bwana, tulikuwa na shule ambayo mkisimuliwa leo mtadhani ni sinema. Ilikuwa ndani ndani kule, barabara ya vumbi kutoka Korogwe, mkonge kulia, mkonge kushoto, mpaka unachoka kuona kijani. Aliianzisha Afande Semkiwa, sajini mstaafu. Wenzake walistaafu wakarudi na redio na baiskeli, yeye akarudi na filimbi, viatu na wazo. Akapata ghala kuukuu la mkonge, akatoboa madirisha, akapaka chokaa, akachomeka mlingoti mbele. Shule Binafsi ya Msingi Ngome. Hakuna aliyeiita hivyo. Ukimuuliza mtu, "Mwanao siku hizi simwoni," anajibu, "Yuko Jeshini."

Wanafunzi wa kwanza walikuwa watoto walioshindikana. Aliyepiga mawe bati la msikiti, aliyeuza kuku wa bibi yake, aliyehama shule mpaka shule zikaisha. Afande alikuwa anasema mtoto mtundu ni askari ambaye hajapewa kazi. Wakaingia watundu, wakatoka watu wanaoamkia hata mbuzi. Habari ikaenda mbali. Wakaanza kuleta watoto kutoka Tanga, Muheza, mpaka Dar, na wale hata hawakuwa watundu, wazazi tu walitaka mtoto anayetandika kitanda.

Mimi nilipelekwa kwa ajili ya mdomo. Nilikuwa nimemuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, mbele ya watu, kwamba kama usingizi ni dhambi mbona yeye anaufanya tukiwa tunasoma. Baba yangu, fundi baiskeli, hakunichapa. Alifuta mikono grisi akaniambia, "Mdomo wako umetangulia, miguu imebaki nyuma. Pale watavisawazisha." Akanipakia kwenye keria.

Harufu ya lile ghala bado ninayo puani. Harufu ya mkonge, kama nyasi zilizochacha. Ukilala inakuja, ukila inakuja, mpaka ukirudi likizo mama anasema unanuka kamba. Filimbi ililia kukiwa bado na ukungu: fupi, fupi, ndefu. Hakuna cha kujinyoosha. Unaruka, unatandika, shuka inavutwa mpaka ikigongwa inalia kama ngoma, halafu mbio bombani. Yale maji yalikuwa yanatoka milimani Usambara bila kupumzika njiani. Ukijimwagia unaona babu zako.

Baada ya hapo uji, kwenye vikombe vya bati vinavyounguza midomo. Mpishi wetu, Mama Chausiku, alikuwa mtu mwenye huruma lakini hakupenda maswali. Ukimwonyesha mdudu kwenye maharage anasema, "Huyo ndiye nyama yako ya leo, na usimwambie mwenzio, atataka wa kwake." Tulikula. Tulinenepa.

Halafu kwata. Bunduki zetu alizichonga Afande mwenyewe, za mti wa mwarobaini, kila mtu na ya kwake. Alisema amechagua mwarobaini kwa sababu hauliwi na mchwa. Mimi nadhani ni kwa sababu mtoto akichoka hutafuna kilicho mkononi, na ukiutafuna ule unajuta mpaka jioni. Tulifunzwa mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka. Na hesabu tulijifunza kwa miguu: mistari mitatu, watu wanne wanne, tembea, mko wangapi? Ukikosea kuzidisha unamkanyaga mwenzio, na mwenzio anakukumbusha. Mpaka leo nikipanga maboksi ya mzigo nasikia vile visigino, na sikumbuki lini nimekosea idadi.

Rehema alikuwa mkuu wa kikosi chetu. Msichana mwembamba kama ufito, sauti kama lori. Wavulana wakubwa walikuwa wanamwogopa kuliko Afande, kwa kuwa Afande alikuwa na muda wa kulala.

Ila mtu asije akadhani yule mzee alikuwa mkali tu. Kulikuwa na watoto wadogo pale, wa kulia usiku, na kulikuwa na wa kukojoa kitandani. Shule nyingine ungebebeshwa godoro kichwani ukazungushwa madarasani. Jeshini, Afande alipita asubuhi kati ya vitanda, mikono nyuma, hasemi kitu, pua yake inafanya kazi. Akimaliza anatoka nje anapuliza filimbi. "Kikosi kizima, shuka mtoni." Kikosi kizima! Wakubwa, wadogo, Rehema na sauti yake, wote tunabeba shuka tunakwenda mtoni kufua huku tunaimba. Hakuna aliyejua shuka ipi ilikuwa na jambo. Sisemi ilikuwa yangu. Nasema tu nilikuja kuelewa nimeshaota ndevu, nikiwa huku, nafua shuka zangu mwenyewe, na nilikaa chini pale bafuni.

Na kulikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: hutoki safuni mpaka usikie neno "Tawanyika". Siku moja tuko mguu sawa, nyoka akatoka kwenye mkonge, akakatiza mbele ya viatu vyetu, taratibu, anajifaragua. Hakuna aliyetikisika. Afande akamwangalia anavyopita, akasema, "Huyo si wa kikosi chetu." Akangoja mkia uishe. Ndipo akasema tawanyika, na siku hiyo tulitawanyika kweli, wengine walipatikana Mombo.

Lilikuwa neno tamu lile. Ukilisikia ujue kuna mpira wa makaratasi, kuna maembe mabichi ya kuiba kwa chumvi, kuna kwenda kuangalia treni hata kama haiji. Vijana wa sasa simu inawaamsha, wanaibonyeza ikae kimya, inawaamsha tena, wanaibonyeza tena. Nina mdogo wangu mmoja huku, mwanafunzi, ana kengele saba kwenye simu moja na bado anachelewa. Nikamwambia sisi filimbi ilikuwa moja kwa watu wote. Akaniuliza, "Ilikuwa na volyumu?"

Shule ilikufa polepole, kama taa ya chemli. Zikaja zile shule za basi la njano, zilizochorwa bata ukutani, mtoto anarudi nyumbani anahesabu kwa Kiingereza. Wazazi wakaanza kuona haya. Mtu akiulizwa mwanao anasoma wapi, hataki tena kusema Jeshini. Safu zikapungua. Walimu wakaondoka mmoja mmoja, na Afande akawa anafundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja, amesimama mlangoni katikati, jiografia mkono wa kushoto, sayansi mkono wa kulia. Ng'ombe wake wakaanza kupungua zizini, na sisi tukala vizuri mwezi mzima bila kuuliza. Watoto bwana.

Siku ya mwisho hatukujua kuwa ni ya mwisho. Filimbi ililia kama kawaida. Tukapanga safu. Afande akatoka amevaa sare kamili, ile ya sherehe, viatu vinang'aa unaweza kunyolea ndevu. Akatukagua wote. Akaninyanyua kidevu kwa kidole kimoja, kama alivyofanya kila siku, maana kidevu changu kilikuwa hakikai. Akarudi mbele. "Kikosi, mguu sawa." Tukagonga. Akatupigia saluti. Yeye, kutupigia sisi. Kisha akageuka nyuma, akatembea mpaka getini, akapanda lori lililokuwa linamsubiri nje, likaondoka.

Hakusema tawanyika.

Sasa ungefanyaje? Tulisimama. Jua likapanda. Mama Chausiku akaja na upawa mkononi, akasema shule imefungwa wanangu, wazazi wenu wameitwa, njooni mle. Hakuna aliyetoka. Rehema alikuwa mbele yetu, machozi yanamtiririka mpaka shingoni, hayafuti, maana mguu sawa mikono iko mapajani. Wazazi wakaanza kufika, kila mmoja anang'oa wake kama muhogo. Baba yangu alipofika nikamwambia, "Baba, sijaruhusiwa." Akaniangalia. Hakubisha. Alinibeba vilevile nimekakamaa, akanilaza kwenye keria kama ubao wa mbao, akanifunga kwa mpira, akanisukuma mpaka nyumbani. Watu njiani wakawa wanampa pole, wakidhani ni maiti.

Nilimalizia darasa la saba shule nyingine, na masomo yangu yakaishia hapo. Lakini lile swali nimetembea nalo, nimepanda nalo ndege, nimeshuka nalo uwanja wa Baiyun. Yule mtu alitusahau pale juani, au alitutupa?

Baada ya aibu ya Shahe, mimi na Rehema tulikwenda kula wali. Kumbe yeye anakuja Guangzhou kila msimu kuchukua nguo za watoto, na hatukuwahi kukutana. Nilimwona anavyobishana na laoban njiani: alisimama wima, akamtazama usoni, akasema bei yake mara moja, akanyamaza. Laoban wa watu akajikuta anampa na mfuko wa bure.

"Afande yuko hai?" nikamuuliza.

"Yupo Korogwe. Anakaa na binti yake, Zawadi." Akasukuma sahani. "Lakini hapokei mtu, Chura. Mimi nimekwenda mara tatu. Anajifungia ndani mpaka nikiondoka. Zawadi anasema mzee anaona haya."

"Haya ya nini?"

"Kwamba alichukua watoto wa watu akashindwa kuwamalizia masomo."

"Basi alitutupa."

"Alisahau," Rehema akasema. "Mtu amepoteza kila kitu, utamdai neno moja?"

"Mimi namdai. Kwani wewe hujasimama pale mpaka leo?"

Aliita chai.

Klipu ilitembea haraka kuliko mzigo wa ndege. Grupu la Watanzania wa huku wakaiwekea wimbo. Wakenya wakaniita Jenerali Sidiria. Mkongo mmoja wa ghorofa ya chini kila nikishuka ngazi anabana mikono, "Mon général, tunaomba ruhusa kwenda chooni." Laoban wangu wa Shahe ndiyo kabisa, nikiingia anapuliza midomo, fupi, fupi, ndefu, kuona kama nitaruka. Nilikuwa naruka, ndilo tatizo.

Lakini katikati ya vicheko zikaanza kuingia meseji za namna nyingine. Mmoja anaitwa Idrisa, anasomea udaktari wa falsafa mambo ya maji, chuo kiko ng'ambo ya mto. Aliandika tu: "Filimbi hiyo naijua. Upo kikosi gani?" Mwingine Foshan, anauza vigae. Mwingine kaka mkubwa wa Yiwu. Watu walioniona ninachekwa na wao hawakucheka, kwa sababu walipoisikia ile filimbi kwenye simu, kila mmoja pale alipokuwa, ofisini, jikoni, mmoja akiwa bafuni, alijikuta amesimama wima. Tukawa kama kumi hivi. Wote wa Jeshini, wengi wetu tumeishi mji mmoja, tunapishana kwenye treni za chini, hatujuani.

Kisha ikaja meseji kwa Rehema kutoka kwa Zawadi. Klipu ilikuwa imefika Korogwe. Alimwonyesha baba yake ili acheke kidogo. Mzee hakucheka. Aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Halafu akaomba miwani. Zawadi akaandika: "Baba anauliza, huyo wa mfuko kichwani, nani amemruhusu kushusha kidevu?"

Rehema alinisomea ile meseji kwa simu akashindwa kumaliza.

Tukapanga Jumapili, kwenye bustani ya ziwa pale Liuhua. Zawadi alisema atajaribu kumkalisha mzee mbele ya simu ya video, lakini hatuahidi. Mzee akikataa, amekataa, na tusimlaumu. Siku hiyo nilinyoosha shati mara mbili. Idrisa alikuja na suruali yenye mstari wa pasi unaoweza kukata nyanya. Yule wa Foshan tumbo lilimtangulia, akaambiwa na Rehema, "Wewe jipange nyuma, usituvunjie mstari." Tulijipanga kati ya wazee wa Kichina wanaocheza taratibu na akina mama wanaocheza ngoma za spika. Hakukuwa na wa kushika simu, maana wote tulitaka kuwa safuni. Mzee mmoja pale, mwenye chupa yake ya chai, alikuwa anatuangalia. Nikamwonyesha kwa ishara. Akaweka chupa chini, akaishika simu yangu kwa mikono miwili, kifuani, akasimama imara kuliko sisi. Sikumwuliza alijifunzia wapi.

Simu ikaita. Ikaita mpaka ikakata. Rehema akanyoosha mkono, akapiga tena. Huku mchana, kule asubuhi. Ikaita, na mimi moyoni nikasema basi, alitutupa, nimepata jibu langu.

Ikapokelewa.

Alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya nyumba, amevaa fulana nyeupe na bereti yake. Amekonda, shingo imekuwa kama ya kobe. Hakusema habari zenu. Alitutazama tu, jicho likitembea kutoka mtu hadi mtu. Halafu mkono ukaingia mfukoni ukatoka na filimbi.

Fupi, fupi, ndefu.

Visigino kumi vikagonga kwa pamoja. Akina mama wa Kichina wakazima spika yao.

"Rehema."

"Afande."

"Umenenepa."

"Ndiyo, Afande."

"Vizuri. Yule mwenye miwani?"

"Idrisa, Afande. Nasoma."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo, Afande."

"Basi soma umalize, uwaachie wengine kiti." Akasogeza uso kwenye simu, tukaona bereti tupu. "Wa sidiria yuko wapi?"

"Hapa, Afande."

"Kidevu."

Nikainua. Naapa nilihisi kile kidole.

Nikasema, "Afande, naomba kusema." Rehema pembeni yangu akavuta pumzi.

"Wewe lini hukusema. Sema."

"Kikosi hakijaambiwa tawanyika, Afande. Tangu siku ile."

Nilisikia kuku wa Korogwe kwenye simu ya Guangzhou. Akaangalia pembeni, mkono wa Zawadi ukaja na kitambaa, akausukuma. Akasimama kutoka kwenye kiti, polepole, kwa vipande, mpaka tukawa tunaona kifua tu, na mkono unaopanda kupiga saluti. Tukaipokea. Halafu picha ikazima.

Yule mzee wa Kichina alinirudishia simu, akasema "hao", yaani vizuri, akachukua chupa yake. Sisi tukabaki. Hakuna aliyejua afanye nini. Yule wa Foshan akanong'ona kama ni mtandao. Rehema akasema si mtandao, na chakula kinapoa, twendeni hivihivi. Tukaenda kula wali tukiwa safuni, kutoka bustanini mpaka mgahawani, watu wa Liuhua wanatupisha na mabegi yao.

Tulikula, tukakumbushana mwarobaini na Mama Chausiku, tukacheka mpaka mwenye mgahawa akaja kuuliza kama kuna tatizo. Na mimi nikawa nawaza. Siku hizi watu hawasubiri neno. Kwenye grupu unaona tu mtu katoka, hajaaga, hajagombana, kabonyeza tu. Rafiki anaacha kupokea simu, kampuni inafunga duka asubuhi unakuta kufuli, mpenzi anakublok. Sisi tulilelewa na mtu ambaye hata nyoka alimngoja mkia uishe. Sijui ni nani mjanja. Ila najua nikiwa na shida saa yoyote hapa Guangzhou, wako watu kumi ambao hawajatoka safuni.

Jioni simu yangu ikaita, namba ya Zawadi. Nikapokea, nikasema, "Dada, mzee vipi?"

Haikuwa Zawadi.

"Chura," akasema. Sauti ilikuwa ya chini, si ya uwanjani. "Siku ile sikusahau. Lori lilipofika kwenye kona niligeuka, nikawaona bado mmesimama. Kama ningelitamka lile neno, mwanangu, shule ingekuwa imefungwa kweli."